Kabla ya Kubomoa Kuta za Ofisi, Andika Unachotarajia

Soma pendekezo lolote la kukarabati ofisi, na karibu kila mara utakuta humo sentensi hii: kuta zikiondolewa, watu watashirikiana zaidi. Haisemi nani atazungumza na nani, mara ngapi kwa siku, wala nani atahesabu. Kwa kuwa haina tarakimu, haiwezi kuonekana imekosea. Miezi sita baada ya kuhamia, mkubwa aliyeidhinisha fedha atapita ukumbini, ataona vichwa vingi mahali pamoja, na atarudi kwake akiamini kwamba mpango umefaulu.

Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walichapisha utafiti uliolipima dai hilo moja kwa moja. Walipata kampuni mbili kubwa za Marekani zilizokuwa karibu kuondoa kuta kwenye makao makuu yao. Katika ya kwanza, wafanyakazi 52 walivaa beji zenye vihisio: infraredi ya kutambua nani ametazamana na nani, maikrofoni ya kutambua kwamba mtu anaongea bila kurekodi anachosema, na vihisio vya mwendo na mahali. Vipimo vilichukuliwa kwa muda wa wiki tatu kabla ya kubomoa, na wiki tatu nyingine baada ya kubomoa. Muda wa kuzungumza ana kwa ana ulipungua kwa takriban asilimia 70, huku barua pepe na meseji kati ya watu walewale zikiongezeka. Katika kampuni ya pili walipimwa watu 100, na matokeo yakaelekea upande uleule.

Sababu si ngumu kuiona ukikaa siku moja katika ukumbi wa namna hiyo. Anayeonekana na kila mtu hutafuta pa kujisitiri, na kama hakuna ukuta, atavaa hedfoni na kukaza macho kwenye kompyuta. Kumwendea mwenzako mezani kumekuwa tangazo, maana watu kumi watasikia swali lako na jibu lake, pamoja na ujinga wako kama upo. Basi unatuma meseji kwa mtu aliye mita tatu kutoka ulipo. Zamani mlango uliofungwa ulisema "ngoja kidogo", na ulio wazi ulisema "karibu". Ukumbini alama hizo hazipo, kwa hiyo kila mtu anachukuliwa kuwa anapatikana, na anajilinda kama mtu asiyepatikana.

Utafiti huo una mipaka. Ni kampuni mbili tu, zote makao makuu, na waliopimwa ni waliokubali kuvaa beji. Hauwezi kukuambia kitakachotokea katika ofisi ya bima Kampala au chumba cha habari Mombasa. Lakini upo mwingine wa aina tofauti: mwaka 2013 Jungsoo Kim na Richard de Dear walichambua majibu 42,764 kutoka majengo 303, yaliyokusanywa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wenye vyumba vyao waliridhika zaidi karibu kwa kila kipimo, na faida ya urahisi wa kuwasiliana katika ofisi za wazi ilikuwa ndogo kuliko hasara ya kelele na kukosa faragha. Huo nao una kasoro yake, kwa sababu mwenye chumba chake mara nyingi ni mkubwa mwenye mshahara mnono, na sehemu ya kuridhika kwake inatoka huko. Tafiti mbili zenye kasoro tofauti zikielekea upande mmoja, mimi huziamini kuliko moja peke yake.

Kwa nini basi dai hili halifi? Mtego wa kwanza ni macho. Watu wawili wanaocheka karibu na mashine ya kahawa wanaonekana, lakini mhasibu aliyepoteza mstari wa hesabu mara nne asubuhi hiyo haonekani. Wa pili ni kazi ya anayeamua. Siku nzima ya meneja ni mazungumzo, naye hudhani kazi za wengine zinafanana na yake, na mara nyingi hata ukumbi ukifunguliwa yeye hubaki na chumba. Wa tatu ni hadithi za washindi. Kila mtu amesikia jinsi Steve Jobs alivyotaka jengo la Pixar, studio ya filamu za katuni, kule Emeryville, California, liwe na ukumbi mkubwa wa kati ili watu wakutane bila kupanga. Kampuni zilizojenga kumbi kama huo kisha zikafa hazina wa kuzisimulia.

Halafu kuna sababu halisi, ambayo mara nyingi ni kodi ya pango. Sioni aibu ndani yake. Kampuni inayolipia mita za mraba ina haki ya kutaka kulipia chache. Ubaya unaanza kodi inapovishwa joho la "ushirikiano", kwa sababu hapo kipimo sahihi, yaani fedha iliyookolewa ukitoa kazi iliyoharibika, hakifanywi na mtu yeyote. Kama lengo ni kodi, iandikwe kodi.

Mfano unaonifaa kuliko wote ni wa Chiat/Day, wakala wa matangazo wa Los Angeles. Mwanzoni mwa mwaka 1994 Jay Chiat aliondoa meza za kudumu. Mfanyakazi alichukua simu na kompyuta ya mkononi asubuhi na kuvirudisha jioni, na kati ya hapo alikaa popote. Vifaa havikutosha. Waliowahi walivihodhi, na nyaraka zikahifadhiwa kwenye buti za magari. Kabla muongo haujaisha kampuni ilikuwa imehamia jengo jipya lenye sehemu za kudumu za kukaa. Wengi huisimulia kama kisa cha bosi mwenye ndoto za kupita kiasi. Mimi naiona zaidi kama hesabu iliyokosewa: idadi ya vifaa ilipangwa kwa kudhani kwamba watu hawatakuja wote kwa pamoja.

Hesabu ya meza

Kosa hilohilo linarudi sasa katika ofisi ambazo watu hufanyia kazi nyumbani baadhi ya siku. Tuseme kuna wafanyakazi 60, na kila mmoja huja siku 3 kati ya 5. Wastani ni watu 36 kwa siku. Mshauri anasema weka meza 40, na nne za ziada zipo hapo. Kama kila mtu angejichagulia siku zake bila kujali wenzake, watu wangezidi 40 takriban siku moja kati ya nane, na meza 44 zingetosha karibu siku zote.

Lakini nani huchagua siku hivyo? Mkutano wa idara uko Jumanne, bosi huwepo Jumatano, na Ijumaa baada ya swala ofisi ni mahame. Mahudhurio yanaweza kuwa Jumatatu 40, Jumanne 52, Jumatano 45, Alhamisi 25, Ijumaa 18. Jumlisha, gawanya kwa tano: wastani ni 36 uleule. Ukiwa na meza 40, kila Jumanne watu 12 wanazurura na kompyuta mkononi, na Jumatano 5. Hao ndio watakaoanza kuacha sweta kwenye kiti tangu jioni ya Jumatatu. Aliyepanga kwa wastani hakudanganya mtu, ila alitumia tarakimu isiyojibu swali lililoulizwa.

Kuhesabu kwenyewe ni kazi ya karatasi, kalamu na mtu mmoja asiye na maslahi na matokeo. Mkuu wa kitengo asihesabu, maana akipita yeye, watu hurudi mezani. Chora ramani ya ofisi, kila meza na namba yake, kisha pita kila siku saa 3:30, 4:30, 5:30 na 6:30, halafu saa 8:30, 9:30 na 10:30, kwa siku 10 za kazi. Kwenye kila meza andika herufi moja: M kama mtu yupo, V kama kuna vitu bila mtu, T kama ni tupu. Usiandike majina, na watangazie watu mapema unachofanya. Hesabu ya siri ikigundulika, hakuna atakayekuamini tena kwa lolote.

Herufi V ndiyo inayoharibu ripoti nyingi. Anayehesabu watu peke yao atasema nusu ya meza hazitumiki. Lakini meza yenye kompyuta iliyofunguliwa, daftari na kikombe cha chai, mwenyewe akiwa kikaoni, huwezi kumpa mtu mwingine. Ukiihesabu V yote kuwa "inatumika" utakosea upande wa pili, kwa kuwa wapo wanaoacha mkoba wa kompyuta tangu asubuhi na kuondoka. Toa hesabu mbili kando kando, ya M peke yake na ya M pamoja na V, na usome kilele cha kila siku badala ya wastani wa wiki. Chagua majuma ambayo ndani yake kuna mwisho wa mwezi, maana uhasibu wa tarehe 28 si ule wa tarehe 12. Usihesabu Ramadhani peke yake au likizo ya shule peke yake ukaita hiyo hali ya kawaida.

Vyumba vya mikutano vihesabiwe kwa vichwa. Chumba cha watu 10 kilichokaliwa na watu wawili siku nzima kwenye kalenda kinaonekana kimejaa, na wafanyakazi watalalamika kwamba vyumba havitoshi. Jibu linaweza kuwa kiambaza cha jipsamu kinachokigawa kiwe vyumba vitatu, bila kukodi ghorofa nyingine. Linganisha pia kilichowekewa nafasi na kilichotumika. Mikutano ya kila wiki iliyokufa huendelea kushika vyumba miezi mingi baada ya watu kuacha kuhudhuria.

Kipimo nacho kina hila zake

Kati ya mwaka 1924 na 1927, katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, Cicero karibu na Chicago, watafiti walibadilisha mwanga wa taa ili kuona kama uzalishaji utabadilika. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba kila badiliko, taa ziongezwe au zipunguzwe, liliongeza uzalishaji kwa sababu wafanyakazi walijua wanatazamwa. Mwaka 2011 wanauchumi Steven Levitt na John List walichapisha uchambuzi mpya wa takwimu za awali, ambazo wengi walidhani zimepotea. Waliona kwamba taa zilikuwa zikibadilishwa Jumapili, kiwanda kikiwa kimefungwa. Jumatatu uzalishaji ulipanda, ndiyo, ila ulipanda hata Jumatatu ambazo taa hazikuguswa. Kisa kilichowafundisha watu kujihadhari na vipimo kilikuwa chenyewe kimepimwa vibaya.

Kwa ofisi yako maana yake ni hii: usilinganishe wiki ya mwisho kabla ya kuhama, yenye maboksi na vumbi, na wiki ya kwanza baada ya kuhama, yenye viti vipya na harufu ya rangi. Ngoja miezi mitatu, kisha pima juma linalofanana na lile la kwanza. Tafuta pia kundi la kulinganishia, ghorofa au tawi ambalo halikuguswa, ulipime siku zilezile kwa karatasi ileile. Bila hilo utaangukia mtego ambao hata wataalamu huusahau: ofisi inayochaguliwa kukarabatiwa ni ile iliyolalamikiwa mno mwaka huo, na malalamiko yaliyofika kileleni hushuka kidogo yenyewe, hata asipoguswa mtu. Mkandarasi atajichukulia sifa ya kushuka huko.

Kuna pia ushahidi mzuri unaotumika vibaya. Mwaka 1984 Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania walilazwa wastani wa siku 7.96 kama dirisha lilitazama miti, na siku 8.70 kama lilitazama ukuta wa matofali. Walikuwa wagonjwa 46. Ni utafiti wa heshima kwa wakati wake. Leo unatajwa kuuzia ofisi mimea ya vyungu, kana kwamba mpokea simu anauguza mshono.

Hewa, sauti na rimoti

Mambo matatu yanayoharibu kazi kimyakimya hupimika kwa gharama ndogo, lakini huachwa kwa kuwa hayaonekani kwenye picha za kompyuta ambazo msanifu huzileta kikaoni.

La kwanza ni hewa. Kiyoyozi cha ukutani tunachokijua sote hupoza hewa ileile iliyomo chumbani na kuirudisha. Hakiingizi hewa mpya. Chukua chumba cha mkutano cha mita za mraba 12 chenye dari la mita 2.7, yaani mita za ujazo 32.4. Mtu aliyeketi hutoa takriban lita 18 za kabonidayoksaidi kwa saa. Watu sita hutoa 108. Mlango ukifungwa na hewa isivuje kabisa, kiwango kinapanda kutoka sehemu 420 kwa milioni, ambazo ndizo za nje, hadi 1,000 kwa dakika kama 10. Chumba halisi huvuja kidogo, lakini mkutano wa saa moja humalizika mbali juu ya hapo. Je, gesi yenyewe ndiyo inayopumbaza? Hapo wataalamu hawakubaliani. Utafiti wa mwaka 2012 wenye watu 22 ulionyesha maamuzi yakidhoofika kuanzia 1,000, na majaribio mengine ya baadaye yaliyotumia gesi safi hadi 3,000 hayakuona hivyo. Mimi naichukua tarakimu hiyo kama dalili kwamba hewa imetuama, na pamoja nayo joto, harufu na vijidudu. Kipimo kidogo cha mezani kitakuambia chumba kipi kinahitaji dirisha linalofunguka au feni ya kutolea hewa.

La pili ni sauti, na hapa pesa nyingi hupotea kwenye mazulia. Kinachomkatiza mtu anayesoma au kuandika ni maneno anayoyaelewa, zaidi ya ukubwa wa kelele. Kiwango cha kimataifa cha kupima ofisi za wazi, ISO 3382-3, kinauliza ni umbali gani kutoka kwa msemaji ndipo maneno yanapoacha kueleweka vizuri. Katika ofisi nzuri ni mita 5 au pungufu. Jaribio la kienyeji: mtu mmoja asome gazeti kwa sauti ya kawaida, mwingine arudi nyuma hatua kwa hatua hadi ashindwe kufuata sentensi, kisha pimeni umbali. Halitakupa namba ya ISO, ila litakuonyesha kona ipi ni mbaya kuliko nyingine. Zulia hunyonya mlio wa viatu, lakini sauti ya mtu huruka juu na kurudi. Dari ndilo la kwanza kutibiwa, halafu skrini za kitambaa kati ya meza. Mtindo wa kuacha zege la dari wazi na kuta za kioo ndio mbaya kuliko yote kwa jambo hili. Na ofisi ikiwa kimya sana, mnong'ono wa mtu mmoja husikika hadi mwisho wa ukumbi. Ndiyo maana ofisi ya zamani yenye pangaboi linalovuma na madirisha wazi upande wa barabara mara nyingine hukatiza watu kidogo kuliko ile mpya iliyofungwa.

La tatu ni rimoti ya kiyoyozi. Kanuni za joto la ofisi zilijengwa juu ya kazi ya Mdenmaki P. O. Fanger, na kipimo cha joto ambalo mwili hulizalisha kilichotumika kilimchukulia mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Mwaka 2015 Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt walionyesha kwamba kwa wanawake kipimo hicho huweza kuzidisha joto halisi kwa hadi asilimia 35. Ongeza kwamba mwenye rimoti mara nyingi ndiye mwenye suti. Kwa jengo lenye madirisha ya kufungua lisilotumia kiyoyozi, kanuni ya Marekani ya ASHRAE 55 huchukua wastani wa joto la nje, huuzidisha kwa 0.31 na kujumlisha 17.8. Dar es Salaam ikiwa na wastani wa nyuzi 27, jibu ni 26.2, na watu wengi huona raha nyuzi 3.5 juu au chini ya hapo. Kiyoyozi kilichowekwa 18 mjini humo kinapambana na miili iliyozoea kitu kingine kabisa. Tena kile cha kawaida kisicho na inverta, yaani kisichoweza kubadili kasi ya kompresa, hakipozi haraka zaidi ukikiweka 18 kuliko 24, kwa sababu kompresa hufanya kazi kwa nguvu ileile hadi joto lililowekwa lifikiwe.

Ukiwauliza watu, uliza kuhusu jana. "Je, unapenda ofisi ya wazi?" itakuletea maoni kuhusu bosi. "Jana, kati ya saa 3 na saa 6, ulikatizwa mara ngapi ukashindwa kurudi kwenye kazi kwa dakika tano?" itakuletea namba, na namba hiyo unaweza kuiuliza tena baada ya miezi mitatu.

Kikao cha kuamua nacho kina shida yake: mzee akishasema anaupenda mchoro, hakuna atakayepinga. Mwanasaikolojia Gary Klein alipendekeza njia ambayo naiona inafaa hasa penye heshima za namna hiyo. Kabla ya kuidhinisha, kila mtu anaambiwa: umepita mwaka, mpango umeshindwa vibaya, andika kwa nini. Dakika tano, kimya, bila majina. Karatasi zisomwe na mtu wa nje, na mkubwa aongee mwisho. Kwa kuwa kushindwa kumeshatajwa kama jambo lililotokea, anayeeleza sababu hahesabiwi kuwa mpinzani.

Linalobaki ni karatasi moja yenye tarehe na sahihi za waliokubali. Iseme badiliko gani, kwa lengo gani, kipimo kipi, kipo wapi leo, kinatarajiwa kufika wapi na lini, na kikifika wapi tutarudisha kama ilivyokuwa. Mfano: mikutano ya watu wawili hadi watatu inayokosa chumba kwa sasa ni 14 kwa wiki, baada ya kugawa chumba kikubwa tunatarajia iwe chini ya 5 ndani ya miezi mitatu, ikibaki juu ya 10, kiambaza kinatoka. Anza na upande mmoja wa ghorofa. Milango, vioo na mbao za patisheni zilizong'olewa ziwekwe stoo, zisiuzwe hadi hesabu ya pili ikamilike, maana zikishauzwa hakuna atakayetaka kuisoma hesabu hiyo kwa moyo mweupe.